Uzembe wa Kuchangia

Mawakili wa Kenya wakikwambia kesi ya ajali imekwisha "themanini kwa ishirini", jua kuna uzembe wa kuchangia ndani yake. Ndiyo istilahi tunayoitumia kwa kile ambacho Kiingereza cha mahakamani hukiita contributory negligence. Aliyeumia naye hakujichunga, na kutojichunga kwake kukachangia madhara yaliyompata. Hapo fidia yake hupunguzwa, haifutwi.

Zamani ilifutwa yote. Katika kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1809, mtu mmoja wa Derby alikuwa akitengeneza nyumba yake, akaweka mti ukaziba sehemu ya barabara. Mwingine akatoka kilabuni jioni ya Agosti, saa mbili hivi, watu wakianza kuwasha mishumaa, akamtimua farasi mbio, akauvaa ule mti na kuumia vibaya. Shahidi alieleza kwamba bado kulikuwa na mwanga wa kukiona kizuizi kutoka yadi 100. Basi mpanda farasi hakupata kitu, na aliyeziba njia ya umma akaenda zake. Ukali huo ulidumu zaidi ya karne nzima, hadi sheria ya Uingereza ya 1945 ilipowaruhusu majaji kugawa lawama. Kenya ina kanuni hiyohiyo katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Kitenzi "kuchangia" kinaifaa kazi hii. Kwenye daftari la mchango wa harusi kila jina lina kiasi chake, na hakuna anayedhani waliochangia wote wametoa sawa. Wako wanaopendelea "uzembe wa pamoja", lakini hiyo naiona inapotosha, kwani inamfanya msikilizaji afikirie nusu kwa nusu, au watu wawili waliokula njama.

Panapowachanganya wengi ni hapa: mchango unaopimwa ni wa madhara, si lazima uwe wa ajali. Katika Froom dhidi ya Butcher, kesi ya miaka ya 1970, dereva aliyegongwa hakuwa na kosa lolote barabarani, ila hakufunga mkanda. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaweka kipimo: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, punguza asilimia 25, kama ungelipunguza tu, asilimia 15, kama usingesaidia kitu, usipunguze hata senti.

Mchukue abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti. Gari linachomoka barabara ya pembeni bila kusimama, linawagonga. Abiria anavunjika mguu na kupasuka kichwa. Kwa kichwa, mdaiwa ana la kusema. Kwa mguu hana, maana helmeti haivaliwi mguuni. Ajabu ni jinsi hoja hii inavyosahaulika watu wanapoitwa "kumalizana" nje ya mahakama, mtu akakubali kukatwa fidia yote kwa sababu ya helmeti.

Tena neno "uzembe" hutumiwa na trafiki pia, na dereva akishatiwa hatiani kwa kuendesha kwa uzembe, jamaa za majeruhi hudhani yamekwisha. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililitenganisha jambo hili mwaka 1971 katika Robinson dhidi ya Oluoch: dereva huyo hawezi tena kukana kwamba alikuwa mzembe, lakini bado anaruhusiwa kudai kwamba hakuwa mzembe peke yake.

Anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mdaiwa hutakiwa kuutaja uzembe wa kuchangia katika maandishi yake ya utetezi, aeleze mdai alifanya nini au aliacha kufanya nini, kisha alete ushahidi. Kusema tu "naye hakuwa makini" hakumpunguzii deni.