Kijembe na Kifungo: Kejeli katika Mabishano ya Dini Kisiwani Pemba

Wako wasomi washikao kwamba mambo ya dini hayataki kicheko. Hoja yao si dhaifu. Mtu aabuduye huweka katika ibada yake kitu kilicho azizi kuliko mali. Akichekwa hapo hachekwi peke yake, bali huchekwa pamoja na wazazi waliomfundisha, na pamoja na wafu wake aliowazika kwa dua ile ile. Hata hivyo, historia ya Pemba na ya pwani inayokielekea kisiwa hicho yaonyesha kwamba kejeli ina kazi yake katika mabishano ya dini, na kwamba pale mabishano yalipozimwa kwa nguvu, kilichoshika nafasi yake hakikuwa upole, bali kilikuwa kifungo.

Qurani yenyewe haikulinyamazia jambo hili. Aya ya 11 ya Sura ya Hujurat yawakataza watu wasiwadharau wengine, kwani huenda anayechekwa akawa bora kuliko amchekaye. Walakini Sura ya Anbiyaa yasimulia jinsi Nabii Ibrahimu alivyoyavunja masanamu akaliacha lile kubwa, na alipoulizwa, akawaambia watu wayaulize masanamu yenyewe. Hiyo ilikuwa kejeli, tena yenye makali. Lakini ilibeba hoja ndani yake, nayo iliwarudisha wasikilizaji katika nafsi zao, ijapokuwa kwa kitambo kidogo. Katika zama za Mtume, Hassan bin Thabit aliwajibu kwa mashairi washairi wa Kikureshi. Na mwisho wa Sura ya Shuaraa, baada ya washairi kulaumiwa, hutolewa katika lawama wale walioamini na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Basi mizani imewekwa tangu zamani: dhihaka ya kumdunisha mtu ni haramu, na dhihaka ya kuifichua hoja mbovu ina mahali pake.

Pemba palikuwa na haja kubwa ya mizani hiyo. Kisiwani humo waliishi pamoja Masuni wa madhehebu ya Shafi na Maibadhi, ambao wengi wao walikuwa watu wenye asili ya Omani waliozidi katika karne ya 19, mikarafuu ilipostawi. Baadhi ya tofauti zao zilikuwa nzito, kama vile suala la kuonekana kwa Mwenyezi Mungu Akhera, na suala la mwenye dhambi kubwa afaye bila ya kutubu, kwamba atatoka motoni au atadumu humo. Nyingine zilikuwa tofauti za kuonekana kwa macho. Mshafi huinua mikono katika takbira, huikunja kifuani, huitikia amina baada ya Alhamdu, na husoma kunuti katika sala ya alfajiri. Muibadhi hafanyi hayo. Mambo ya namna hii ndiyo yapendwayo na ulimi mkali, kwa kuwa kila mtu huyaona, na asiye na elimu aweza kuyacheka bila ya kuyafahamu.

Ndimi kali hazikukosekana Pemba. Lakini palikuwa na desturi iliyozifunga hatamu. Washairi wawili mashuhuri wa kisiwa hicho ni Kamange, ambaye jina lake hasa lilikuwa Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyekadiriwa kuishi kati ya 1830 na 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyeishi kati ya 1841 na 1926. Tungo zao zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikatolewa kitabuni mwaka 2011 kwa uhariri wa Abdilatif Abdalla. Umashuhuri wao hautokani na ugomvi wa madhehebu. Lakini desturi ya kujibizana waliyoirithi na kuikuza inafundisha mengi juu ya ugomvi huo.

Katika desturi hiyo mwenye kujibu hufuata bahari ya aliyemwanza, na mara nyingi vina vyake pia. Kwa hiyo hana budi kulisikiliza shairi la mwenziwe mpaka mwisho, na kuyashika maneno yake sawasawa, ndipo aweze kuyapindua. Kila mtu aweza kutukana. Lakini kutukana kwa mizani na vina, mbele ya watu wajuao ushairi, si kazi ya kila mtu. Sharti la usanii likawa sharti la adabu. Tena aliyepigwa kijembe alikuwa na haki ya kujibu, na wasikilizaji ndio waliokuwa mahakimu.

Upande wa pili wa historia ni mchungu. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja na Pemba tangu 1870 hata 1888, alikuwa Muibadhi mwenye bidii, na matbaa yake ilichapisha vitabu vya madhehebu yake. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kishafi, alipobishana na Maibadhi, Sultani hakumwachia wanavyuoni wamjibu, alimtia gerezani. Sheikh alifunguliwa baada ya Barghash kufariki, Sayyid Khalifa aliposhika ufalme. Kifungo kile hakikuthibitisha suala hata moja. Muibadhi mwenye hoja njema alinyimwa fursa ya kuionyesha, na Mshafi aliyekuwa na shaka alipata sababu ya kudhani kwamba jibu halikuwapo.

Katika karne ya 20 kijembe kilihamia katika vitabu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar mwaka 1960 na wa Kenya mwaka 1968, aliandika kwa Kiswahili chepesi chenye makali dhidi ya mila alizoziita bidaa, na dhidi ya tafsiri ya Qurani iliyotolewa na Maahmadiya mwaka 1953. Wapinzani wake nao walimjibu. Faida yake ni kubwa: ubishi wa wanavyuoni wajuao Kiarabu ulifika barazani na jikoni. Hasara yake pia ipo: kitabu hakina macho. Mtunzi wa shairi alimwona aliyemchoma; mwandishi hamwoni mama mzee, mahali fulani mbali, anayesoma kwamba hitima ya mumewe ilikuwa upuuzi.

Hapo ndipo pa kupima. Kejeli yafaa inapomwelekea mwenye kilemba, mwenye cheo, au mwenye hoja asiyetaka kuulizwa. Nayo huharibika inapomwelekea mnyonge aliyesujudu. Yafaa inapomwachia mchekwa nafasi ya kujibu, na huharibika inapomfunga kinywa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayetaka kucheka dini ya jirani yake na ajiulize kwanza kama atastahimili jibu lenye vina vile vile. Akistahimili, kicheko chake ni sehemu ya elimu. Asipostahimili, ajue kwamba anakitamani kile alichokuwa nacho Sayyid Barghash, yaani ufunguo wa gereza.