Februari Iliyohamishwa: Triathloni na Historia ya Kujifua Wakati wa Baridi

Mwaka 1982 mashindano ya Ironman ya Hawaii yalifanyika mara mbili: Februari, kisha Oktoba. Ukiikuta orodha ya washindi kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni kosa la uchapaji. Si kosa. Waandaaji walikuwa wameamua kuyahamisha mashindano kutoka Februari kwenda Oktoba, na mwaka huo ukabeba yote mawili. Sababu yao ilikuwa ya kibinadamu kabisa: wanamichezo wanaotoka sehemu za baridi walikuwa wanaonewa na kalenda. Utajiandaa vipi kwa kilomita 180 za baiskeli wakati barabara ya kwenu imefunikwa na barafu tangu Desemba?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote vitatu mfululizo bila kupumzika. Kwenye Olimpiki ni kilomita 1.5 za majini, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Kwenye Ironman ni kilomita 3.8, 180, halafu marathoni nzima. Mashindano ya kwanza ya Ironman yalifanyika tarehe 18 Februari 1978 kwenye kisiwa cha Oahu. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46. John na Judy Collins, mume na mke walioyaanzisha, walikuwa wanaishi hapo hapo Hawaii, na kwao Februari ulikuwa mwezi kama mwezi mwingine. Nani angewaza habari ya theluji akiwa chini ya mnazi?

Ila mchezo ulipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1980, habari zikafika kwenye theluji. Halafu ikaja Februari 1982. Julie Moss, mwanafunzi kutoka California aliyeingia kwenye mashindano kwa ajili ya utafiti wake wa chuo, alikuwa anaongoza upande wa wanawake. Mita chache kabla ya kumaliza, miguu ikamkatalia. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita pale pale, na Moss akatambaa kwa mikono na magoti hadi mstari wa mwisho, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Mamilioni waliiona picha hiyo, na wengi wakasema: na mimi nataka. Mmoja wao alikuwa kijana Mark Allen. Huyo tutarudi kwake.

Sasa hebu tusimame kidogo kwenye lugha, maana Kiswahili chenyewe kina shida hapa. Tunayo masika, vuli, kiangazi na kipupwe. Vitabuni, kipupwe hutumika kutafsiri ule msimu wa baridi wa Ulaya, lakini kwa mtu wa pwani kipupwe ni Juni hadi Agosti, upepo mzuri, watu wanalala vizuri. Hata ukienda Makete au Limuru mwezi Julai, ambako baridi ni baridi kweli, jua bado linachomoza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni, au karibu na hapo. Baridi ya kaskazini ni kitu kingine. Mjini Bergen, Norway, siku za katikati ya Desemba zina mwanga wa saa sita hivi tu. Anayefanya kazi ofisini huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Waswahili walioko Minnesota, Oslo au Toronto wanalijua hili bila kuelezwa. Kinachomchosha mwanamichezo huko mara nyingi si baridi yenyewe. Ni giza.

Basi, kati ya Novemba na Machi mtu huyu hufanya nini? Jibu la kwanza la kihistoria lilikuwa kuingia ndani, na vifaa alivyovikuta humo vina asili ya kushangaza. Mashine ya kukimbilia, ile iliyojaa kwenye majimu yetu siku hizi kuanzia Masaki hadi Westlands, ina babu aliyezaliwa gerezani. Mnamo mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, wafungwa wakawa wanalipanda kwa saa nyingi bila kufika popote. Kwingine lilisaga nafaka. Kwingine halikusaga chochote, lilizunguka tu, kwa kuwa adhabu yenyewe ilikuwa ule upuuzi. Oscar Wilde alipohukumiwa kifungo na kazi ngumu mwaka 1895, alilikanyaga gurudumu hilo akiwa gereza la Pentonville. Uingereza ikaja kuliona ni ukatili na kuliondoa. Miaka ya 1960 inakaribia kwisha, William Staub, mhandisi wa New Jersey aliyevutiwa na kitabu cha daktari Kenneth Cooper kuhusu mazoezi ya moyo na mapafu, akatengeneza mashine ya kukimbilia ya bei nafuu ya kuweka nyumbani. Kwa hiyo kile mfungwa alicholazimishwa, mjukuu wake akakinunua kwa mkopo.

Usicheke sana. Tofauti ipo, nayo ni kubwa: mfungwa hakuwa na Julai ya kutazamia. Mwanatriathloni anayetiririka jasho chumbani mwezi Januari, baiskeli imebanwa gurudumu la nyuma, feni inavuma, mbele yake kuna ukuta, anaamini kwamba saa hiyo imewekwa akiba mahali. Akiba hiyo haioni. Hapo ndipo mazoezi ya baridi yanapompandisha mtu na kumshusha: wiki hii anajiona simba, wiki ijayo mafua yamemlaza, wiki inayofuata anarudi na kugundua kasi imepotea, na mashindano bado yako miezi sita mbele. Hakuna medali mwezi Februari. Hakuna hata wa kukupigia makofi.

Pia kuna kosa moja ambalo vizazi vimelirudia: pupa. Mtu anaona uchungu wa kukaa ndani, anaamua kuumaliza kwa kujitesa. Anakimbia kwa nguvu zote kila siku, Machi anang'aa, Juni amekwisha. Dawa yake ilitoka mbali na theluji. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, aliwalazimisha wakimbiaji wake kujenga msingi kwanza: kilomita nyingi kwa mwendo wa wastani kabla ya kuguswa mazoezi ya kasi. Alimpa zoezi hilo hata Peter Snell, mkimbiaji wa mita 800, watu wakaona kituko. Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Snell akachukua dhahabu ya mita 800 na Murray Halberg, mwanafunzi mwingine wa Lydiard, akachukua ya mita 5000, siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo anaporudi Mark Allen. Alikuwa mkimbiaji mwenye kasi lakini anayeumia mara kwa mara, na Hawaii ilimshinda mwaka baada ya mwaka huku Dave Scott akibeba ushindi. Mshauri wake Phil Maffetone akamvalisha kifaa cha kupima mapigo ya moyo na kumwambia asivuke mapigo 155 kwa dakika. Kwa maelezo ya Allen mwenyewe, ilimbidi apunguze mwendo hadi dakika tano na kitu kwa kilomita moja, mwendo wa aibu kwa mtu wa kiwango chake. Alivumilia. Kadiri muda ulivyokwenda, kwa mapigo yale yale 155, akawa anakimbia kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde 20 hivi. Mwaka 1989 akamshinda Scott baada ya kukimbizana naye bega kwa bega karibu siku nzima, na hadi 1995 alikuwa ameshinda mara sita. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini tukumbuke kibaba hakijazwi na mtu mwenye haraka.

Tangu hapo msimu wa baridi ukapata heshima mpya. Wiki zilizokuwa zinaonekana za kupotea zikaitwa za msingi. Ila msingi nao haulindi kila kitu. Alistair Brownlee, mtoto wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alikulia kwenye vilima vyenye mvua na upepo, na pamoja na mdogo wake Jonathan walijulikana kwa kujifua nje hata hali ya hewa ikiwa mbaya kiasi gani. Mwanzoni mwa 2012, miezi michache kabla ya Olimpiki ya nyumbani kwao, kano ya kisigino chake ikachanika. Fikiria: miaka ya kazi, na mashindano yanakuja London, na wewe huwezi kukimbia barabarani. Akahamia majini, akawa anakimbia ndani ya maji ambako mguu haubebi uzito. Agosti 7, pale Hyde Park, alimaliza wa kwanza kwa saa 1, dakika 46 na sekunde 25. Jonathan alipata shaba licha ya adhabu ya sekunde 15. Wengi wetu tuliona ushindi wa Agosti. Ule wa Februari na Machi, wa mtu anayekimbia majini bila kujua kama mguu utapona, haukuwa na kamera.

Na sisi tuna ukurasa wetu katika hadithi hii, ingawa si wa triathloni. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwa skii masafa marefu, kwa udhamini wa kampuni ya Nike. Mtu aliyekuwa hajawahi kuishi na theluji akaambiwa aifanye kazi. Februari 1998 huko Nagano, Japani, kwenye kilomita 10, alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki pale mwishoni akimsubiri na kumkumbatia, sherehe ya medali ikacheleweshwa. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Watu waliicheka safari yake kama tangazo la biashara, na biashara ilikuwemo kweli. Lakini alirudi Olimpiki ya 2002, akarudi ya 2006. Mtu harudi mara mbili kwenye baridi kwa ajili ya tangazo.

Tufike sasa kwenye mwaka 2022. Ubingwa wa dunia wa Ironman wa 2021 ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya korona, na ulipofanyika hatimaye ilikuwa Mei 7, 2022, St. George, jimbo la Utah. Ilikuwa mara ya kwanza ubingwa huo kutoka nje ya Hawaii, na mara ya kwanza tangu ile Februari 1982 kushindaniwa kabla ya katikati ya mwaka. Maana yake, maandalizi yote makubwa yaliangukia kwenye miezi ya baridi. Kwa hoja ya miaka arobaini nyuma, watu wa kaskazini walipaswa kuumia. Matokeo? Wanaume: wa kwanza Kristian Blummenfelt, wa Bergen, ule mji wa mvua na giza. Wa pili Lionel Sanders, Mkanada aliyejulikana kwa saa zake nyingi za mazoezi ndani ya nyumba. Wanawake: wa kwanza Daniela Ryf wa Uswisi, wa pili Kat Matthews wa Uingereza.

Je, waandaaji wa 1982 walikosea? Hapana. Kwa wakati wao walikuwa sahihi, na bila Oktoba ile huenda mchezo ungebaki wa watu wa California na Hawaii. Kilichobadilika ni mambo matatu: elimu ya kujenga msingi polepole, mashine za ndani zinazopima kila wati, na pesa. Hilo la tatu tusiliruke. Bingwa wa leo baridi ikizidi anapanda ndege kwenda Arizona, Lanzarote au milima ya Sierra Nevada. Anayebaki na giza ni yule muuguzi, dereva wa basi, mwalimu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi bwawa la manispaa kabla ya zamu. Tangu 2014 programu kama Zwift zimemwezesha kuendesha baiskeli chumbani akiwa na wenzake wa mabara mengine kwenye skrini, na hilo limempunguzia upweke. Giza la dirishani limebaki pale pale.

Ndiyo maana orodha ya washindi haitoshi kama historia ya mchezo huu. Inatuambia Oktoba, inatuambia Agosti, inatuambia saa na sekunde. Kazi yenyewe ilifanyika miezi ambayo haikuandikwa na mtu. Kila ukiona jina kwenye orodha hiyo, hesabu miezi minane kurudi nyuma, utamkuta mwenye jina hilo mahali fulani penye giza, hana uhakika wa lolote, anafunga kamba za viatu.