Hewa, Moshi na Majira katika Nchi ya Mbozi

Somo letu la leo ni habari za hewa. Hewa haionekani kwa macho, lakini ina njia zake kama maji yalivyo na mito yake. Tutaanza na wahunzi wa zamani, twende mpaka London, kisha turudi jikoni kwetu.

Nchi ya Mbozi ni uwanda wa juu. Sehemu kubwa iko yapata meta 1,500 juu ya bahari, na kwingine zaidi. Upande wa kaskazini nchi inateremka mpaka Bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko chini sana, yapata meta 800. Mvua hunyesha tangu Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Kisha hufuata kiangazi. Juni na Julai ni miezi ya baridi. Septemba na Oktoba ni miezi ya jua kali na vumbi.

Zamani Wanyiha wa Mbozi, na jirani zao Wafipa, walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walijenga matanuru ya udongo, marefu kupita mtu. Ndani walitia mawe ya chuma na makaa, wakawasha moto wakati wa kiangazi, kuni na udongo vikiwa vikavu. Tanuru kubwa halikuvukutwa kwa mivukuto. Lilijivuta pumzi lenyewe! Je, liliwezaje?

Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo hupanda. Hewa baridi ni nzito, nayo hushuka. Hewa ya moto ilipotoka juu ya tanuru, hewa baridi iliingia kwa nguvu katika matundu ya chini, moto ukazidi. Baadaye, wakati wa ukoloni, majembe ya dukani yaliletwa kwa wingi, na kazi ya kuyeyusha chuma ikakoma. Lakini kanuni ile haikukoma.

Sasa tazameni asubuhi ya Juni. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi. Hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, ikateremka polepole mpaka mabondeni na kutulia huko. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko juu ya chungu. Moshi wa majiko hupanda kidogo, ukakuta kifuniko, ukatanda juu ya nyumba. Jua likishapasha ardhi moto, kifuniko huvunjika na moshi huenda zake.

Kifuniko cha namna hii kiliwahi kuleta msiba mkubwa. Tarehe 5 Desemba 1952, mji wa London ulipatwa na baridi pasipo upepo. Mji huo umo katika bonde la mto Thames, na watu walikuwa wakiota moto wa makaa ya mawe. Moshi ulinaswa mpaka tarehe 9. Serikali ilihesabu vifo vipatavyo 4,000. Wataalamu wa baadaye wamekadiria hata 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kupunguza moshi mijini.

Mbozi si London. Hata hivyo, tunao moshi wetu. Kiangazi mashamba na nyika huchomwa, na ukungu wa moshi hutanda mpaka mvua za kwanza ziusafishe. Tunduma malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita mchana na usiku. Lakini moshi ulio karibu nasi kabisa ni wa jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Wanaouvuta zaidi ni akina mama, na watoto wanaobebwa mgongoni.

Basi tufanye nini? Jiko lipewe dohani, au tundu juu ya ukuta, na jingine chini pa kuingizia hewa. Hilo ni tanuru la wahunzi kwa umbo dogo. Kuni zikaushwe kwanza, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Takataka zisichomwe alfajiri ya baridi. Na mtoto akae mbali na moto wakati wa kupika.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini tanuru la zamani halikuhitaji mivukuto?
2. Kwa nini moshi hukaa bondeni asubuhi za Juni?
3. Jikoni kwako moshi hutokea wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.