Maktaba na Mtahiniwa wa Kariobangi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa wa Kariobangi, unapochambua maudhui ya ubaguzi usiende mbali kutafuta mfano. Panda matatu hadi katikati ya jiji ulitazame jengo lenye sanamu za simba wawili mbele yake. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliianzisha kwa kumbukumbu ya mumewe, na kwa zaidi ya miaka 20 ikawa ya Wazungu pekee. Mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua, ikawa mali ya umma.

Matawi yake, Kaloleni na Makadara, yako huku kwetu Eastlands. Yalipuuzwa kwa miaka mingi, hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, liliposhirikiana na serikali ya kaunti kuyakarabati.

Je, mtahiniwa, utatosheka na mwongozo wa kuazima? Mwongozo hukupa jibu la mwenzio. Matini hukupa jibu lako. Nyumba ya chumba kimoja haina utulivu wa kusomea. Maktaba inayo meza na kimya. Mwalimu, wapeleke wanafunzi wako. Mlango waliofungiwa babu zao usikae wazi bila wa kuingia.