Imejaribiwa kwa Nani Kabla Yetu?

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia mji wa Zanzibar kikitokea bara kwa njia ya Pangani. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akitibu hapa mjini, alikaa na wafanyabiashara, mabaharia na watu wa misafara akiwauliza: maradhi yalianzia wapi, nani aliyabeba, yalipita njia ipi. Majibu yao yalimfikisha hadi upande wa Bahari ya Shamu, na mwaka 1876 akayachapisha katika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Wazee wetu wamo humo kwa ushahidi wao. Ila tiba hawakuipata, kwa sababu haikuwapo. Vijidudu vyenyewe vilikuwa bado havijulikani kwa wengi, na madaktari wa zama zile walimpa mgonjwa kasumba au zebaki, wengine wakamtoa damu, na hali mwili wake ulikuwa ukililia maji.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa Unguja. Nimewahudumia wagonjwa wa kipindupindu katika kambi za mahema, na nimewaona waliofikishwa macho yameingia ndani na ngozi imesinyaa wakikaa kitako na kuomba uji baada ya kunyweshwa maji ya ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Kwa hiyo nataka kueleza kikombe kile kilitoka wapi.

Kilitoka Dhaka, mji uliokuwa Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo. Mwaka 1968 madaktari wawili vijana wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walifanya jaribio pale kwenye maabara ya utafiti wa kipindupindu. Wagonjwa walikuwa 29. Walilazwa kwenye vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, ili kila kinachotoka kipimwe. Kwanza walitundikiwa dripu mpaka mapigo ya moyo yakarudi hali yake. Baada ya hapo baadhi yao wakapewa maji yenye chumvi na glukosi kwa kiasi kile kile walichopoteza, na wengine wakaendelea na dripu peke yake. Glukosi huivuta chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata, hata pale kipindupindu kinapokuwa kimepamba moto. Watu wazima walionyweshwa walihitaji dripu pungufu kwa asilimia 80 hivi. Miaka mitatu baadaye, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu ziliadimika, naye Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha watu maji hayo kutoka kwenye mapipa. Vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hadi chini ya 4.

Maabara ile ile ya Dhaka ilikuwa na kituo Matlab, nchi ya mito na vijiji ambako wagonjwa hufikishwa hospitalini kwa boti. Kila kaya iliandikwa daftarini, kila mtu na namba yake. Huko ndiko ilikojaribiwa mwaka 1985 chanjo ya kunywa iliyobuniwa na Jan Holmgren wa Gothenburg, Sweden. Watu 62,285, watoto wa miaka 2 hadi 15 pamoja na wanawake watu wazima, walikunywa dozi tatu. Kundi moja lilipewa chanjo kamili, la pili chanjo iliyopunguzwa kiungo kimoja, la tatu kinywaji kisicho na kinga yoyote ya kipindupindu. Si mnywaji wala mnyweshaji aliyejua ni kipi. Katika miezi sita ya mwanzo chanjo kamili ilikinga kwa asilimia 85.

Lile kundi la tatu ndilo ninaloliwaza zaidi. Walipanga foleni na watoto wao sawa na wenzao, wakanywa sawa na wenzao, na hawakupata kinga. Lakini bila ya wao kusingekuwa na cha kulinganisha, na asilimia 85 isingejulikana.

Chanjo ya aina hiyo ilitumika Beira, Msumbiji, mwaka 2004, kisha ikafika kwetu. Mwanzoni mwa 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na Shirika la Afya Duniani waliipeleka kwenye shehia sita: Chumbuni, Karakana na Mtopepo kwa Unguja, Mwambe, Kengeja na Shamiani kwa Pemba. Waliokaribishwa ni wenye umri wa miaka miwili na zaidi, isipokuwa wajawazito. Tuliyeyusha unga unaotoa povu katika maji safi, tukamimina chanjo, tukampa mtu anywe mbele yetu.

Mzee mmoja alikishika kikombe bila ya kunywa. "Mwanangu," aliniuliza, "hii imejaribiwa kwa nani kabla yetu?"

"Kwa watu wa Bangladesh, babu, na wa Msumbiji."

"Na ikinidhuru, nitakukuta wapi?"

Nikamwonyesha kituo, nikamtajia jina langu na siku ya dozi ya pili. Akanywa. Maswali yake mawili yanatosha kumfundisha kazi mtafiti yeyote.

Kati ya watu 48,178 waliostahiki, 23,921 walimaliza dozi mbili. Walifuatiliwa hadi Mei 2010, na matokeo yakatoka mwaka 2012: waliomaliza dozi walikingwa kwa asilimia 79. Hata majirani ambao hawakunywa walipata kinga pale walipozungukwa na wengi waliokunywa. Mwaka 2013 dunia ikaweka akiba ya chanjo za kipindupindu kwa ajili ya nchi zinazokumbwa na mlipuko, na ushahidi wa Mtopepo na Kengeja unaunga mkono uamuzi wa namna hiyo. Chanjo haitoshi peke yake: mlipuko wa 2015 na 2016 uliwapata zaidi ya watu 4,000 visiwani, kwani kinga hupungua kwa muda na maji machafu hayapungui yenyewe.

Siku hizi watafiti wanaweza kubisha hodi kwa ajili ya maradhi mengine, kama homa ya ini, vidonda vya tumbo na saratani ya ini. Wakija kwako, uliza kama alivyouliza yule mzee. Uliza pia iwapo unaweza kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu, na majibu utaletewa lini. Wasipokujibu, kataa, ni haki yako. Wakikujibu kwa ukweli, basi fikiria kukubali, kwani kila kikombe cha ORS anachopewa mwanao ni deni letu kwa wagonjwa 29 wa Dhaka.

Na nyinyi watafiti, majibu yarejesheni shehiani, kwa Kiswahili, mbele ya waliojitolea miili yao.