Pikseli
pikseli nm [i-/zi-] Nukta ndogo kabisa inayounda picha katika skrini ya televisheni au kompyuta: *Skrini hii ina pikseli 1920 kwa 1080.*

Matumizi: Nambari 720 na 1080 katika majina ya picha za ubora wa juu huhesabu mistari kutoka juu hadi chini, si pikseli zote. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 3840 kwa 2160, iitwayo 4K, ina mara nne yake. Katika 1080p mistari yote huchorwa kwa mfululizo. Katika 1080i mistari witiri na shufwa huchorwa kwa zamu.

Tanbihi: Wingi wa pikseli usifasiriwe kuwa “ung'avu”, ambao ni kiasi cha mwanga, wala “ukubwa wa skrini”, ambao hupimwa kwa inchi. Skrini kubwa yenye pikseli chache, ikitazamwa kwa karibu, huonyesha picha yenye ukungu.