Mpapai dume: papai na watu wake chini ya Uluguru

Bibi yangu mzaa mama alishtakiwa mara moja tu maishani mwake, na kesi yenyewe ilihusu mpapai.

Ilikuwa Mkuyuni, kwenye barabara inayotoka Morogoro mjini kwenda Matombo, kabla sijazaliwa. Bibi alikuwa ameazima kipande cha shamba kutoka ukoo mwingine. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama: shamba ni la ukoo, na asiye wa ukoo huo anaweza kupewa alime mahindi yake, akavuna, akatoa ngoto kama shukrani na ada ya mwaka. Asichoruhusiwa ni kupanda mti wa kudumu. Mwembe ni hati. Mnazi ni hati. Ukimwachia mgeni apande mwembe leo, wajukuu zake watakuja kukuonyesha kivuli wakikwambia hapa ni kwetu. Sasa bibi akapanda mipapai, tena siyo mmoja wala miwili, mstari mzima kando ya njia. Wenye shamba wakaja juu, wazee wakaitwa.

Utetezi wake tuliusikia utoto mzima, kila mara ukiongezwa chumvi. Aliwauliza wazee: nani kati yenu amewahi kupikia kuni za mpapai? Nani amechonga mwiko wa mpapai, au mpini wa jembe? Nani amelalia kitanda cha mpapai? Akachukua panga, akakata mmoja mbele yao, shina likaonekana tundu ndani na majimaji kama kabichi. "Hiki ni kijani tu kimerefuka," alisema. Wazee wakacheka, kesi ikafa. Bibi akaendelea kuuza mapapai.

Nilipofika chuo nikasoma kitabu cha mimea na kukuta kwamba bibi alikuwa sahihi. Wataalamu wanauita mpapai mmea mkubwa wa aina ya majani, usio na mbao ya kweli. Kinachousimamisha ni nyuzi za ganda lake na maji. Unazaa ndani ya mwaka mmoja, unachoka baada ya miaka michache, unaanguka. Ni mmea wa mtu asiye na hati, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kuuona kila mahali: nyuma ya vyoo, kwenye viwanja vyenye kesi, kwenye nyumba za kupanga pale Mji Mpya na Kihonda ambako mpangaji hana uhakika wa kodi ya mwezi ujao lakini ana mpapai.

Usidhani nachukulia suala la ardhi ya Uluguru kama mzaha. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa kulazimisha matuta milimani mwaka 1950, watu walivumilia miaka mitano, kisha 1955 Matombo ikalipuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Watu wa hapa wanajua nini kinafuata mtu akianza kukupangia cha kufanya kwenye mteremko wako.

Lakini papai lenyewe limetoka wapi? Wengi tunaliona kama la kwetu tangu enzi na enzi, kama mbuyu. Kumbe ni mgeni. Asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Wahispania walilikuta huko mwanzoni mwa karne ya 16, mwandishi wao Oviedo akalieleza, na mbegu zikapelekwa kutoka pwani ya Darien, Panama, hadi visiwa vya Karibi. Kutoka upande ule wa Amerika zikavuka bahari kubwa hadi Ufilipino, kutoka Ufilipino zikaenda Malacca, kutoka Malacca zikafika India. Yaani papai lilikuja kwetu kwa mlango wa mashariki, likiwa limeizunguka dunia.

Shahidi wangu hapa ni Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyekaa Goa akiwa karani wa askofu mkuu katika miaka ya 1580. Kitabu chake kilitoka 1596. Anaeleza njia hiyo ya Ufilipino na Malacca, halafu anasema jambo ambalo bibi yangu angelitia saini: kwamba mimea hii hutaka kukaa miwili pamoja, dume na jike, na ukiitenganisha hupati tunda. Huyo ni mtu wa karne ya 16 aliyesimama Goa. Na meli za Goa zilikuwa zikija pwani yetu, Msumbiji na Mombasa, kila msimu wa pepo. Mbegu za papai hukauka vizuri, ni nyepesi, na tunda moja linazo mamia. Huhitaji mfalme wala kampuni kuzisafirisha. Baharia mmoja anatosha, mwenye njaa na tabia ya kutema.

Jina nalo likasafiri na tunda. Neno ni la wenyeji wa Karibi, Wahispania wakalichukua, na pwani yetu likawa papai. Kamusi za zamani zina pia papayu na mpapayu, na Wakongo wanasema paipai. Waingereza ndio waliovuruga mambo. Jina lao wakalipeleka pia kwa mti mwingine kabisa wa misitu ya Marekani, ambao ni ndugu wa mstafeli na mtopetope wetu. Kwa hiyo ukikuta tunda hilo kwenye riwaya ya Kimarekani iliyotokea Ohio au Kentucky, usilione papai la Mkuyuni akilini. Nimewahi kukuta tafsiri iliyofanya kosa hilo, wahusika wakawa wanaokota mapapai kwenye baridi ya Oktoba.

Kutoka pwani hadi Uluguru njia ilikuwa imeshakanyagwa. Burton na Speke walipofika Zungomero mwaka 1857, chini ya milima upande wa kusini, walikuta kituo kikubwa cha misafara. Stanley alipita 1871 kwenye mji wa Kisabengo uliokuja kuwa Morogoro. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo 1868 wakiwa na mashamba yao makubwa walifungua misheni Mhonda 1877 na Morogoro 1882. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika 1907. Mimi naamini papai halikumsubiri padri wala Mjerumani, lilipanda na wapagazi likiwa tumboni mwao. Lakini reli ndiyo iliyolifanya kuwa biashara, maana papai lililoiva halistahimili kichwa cha mpagazi siku sita.

Halafu kuna jambo lililonifanya niandike makala hii. Kwenye misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo Uluguru ni sehemu yake, unaota mti mkubwa wenye miiba, shina limevimba kwa maji, majani ukiyatazama unaona ukoo. Wataalamu wanauita Cylicomorpha parviflora. Ni wa familia ya mpapai. Afrika nzima ina aina mbili tu za mti huo, mmoja huku kwetu mashariki na mwingine Kameruni. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya familia hii walichapisha mwaka 2012 hitimisho kwamba familia yenyewe ilianzia Afrika, na kwamba mababu wa papai walivuka kwenda Amerika ya Kati miaka milioni 35 hivi iliyopita. Basi, yule mgeni wa Linschoten alikuwa anarudi. Binamu zake walikuwa wamebaki msituni muda wote huo, wakamea miiba.

Tuje kwenye aina, maana ndiyo mabishano ya kila siku pale Soko Kuu la Chifu Kingalu. Muuzaji atakwambia kuna papai la kienyeji na papai la kisasa, basi. La kienyeji ni kubwa, la mviringo au refu lisilo na mpangilio, nyama ya njano, mbegu tele, na ladha ya bahati nasibu: moja asali, jingine maji. La kisasa ni dogo au la wastani, jekundu ndani, moja sawa na jingine. Chini ya neno hilo "kisasa" kuna historia kadhaa. Kuna Solo, iliyotoka Barbados kwenda Hawaii mwaka 1911 na kupewa jina hilo kwa sababu tunda lake linamtosha mtu mmoja. (Bibi angeuliza ni mtu gani huyo anakula papai peke yake.) Kuna Red Lady kutoka Taiwan, inayoanza kuzaa ikiwa fupi kiasi kwamba mtoto anachuma bila ngazi. Na kuna Malkia F1, ambayo maduka ya pembejeo yanauza mbegu zake kwa kuhesabu, kama vidonge.

Lakini tofauti kubwa kuliko rangi ni jinsia. Mipapai ya kienyeji ipo dume na jike. Dume hutoa maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia kama hereni. Jike hutoa maua makubwa yaliyokumbatia shina, na tunda lake huwa la mviringo. Aina kama Solo zina mmea wa tatu, wenye dume na jike ndani ya ua moja, unaojizalisha wenyewe na kutoa tunda refu lenye umbo la pea. Ukipanda mbegu za mmea huo uliojizalisha, theluthi mbili zitafanana na mzazi, theluthi moja zitakuwa majike, na hakuna dume hata mmoja. Mkulima wa biashara anafurahi: hakuna mmea unaokula mbolea bure.

Mkulima wa zamani alikuwa na njia yake. Mpapai ukitoa hereni, watu wa kwetu hukata kichwa au kupigilia msumari shinani, ili dume "litishike" ligeuke jike. Wasomi hucheka. Wasicheke sana, kwani mmea dume huweza kweli kubadili maua yake kwa mabadiliko ya joto au baada ya kukatwa, na mara nyingine ukatoa vijitunda vyembamba kwenye vile vikonyo. Ila msumari peke yake, sina imani nao.

Matumizi nayo yamebadilika. Mama zetu waliweka kipande cha papai bichi kwenye nyama ngumu, na wachoma mishkaki wanafanya hivyo hadi leo. Utomvu ule mweupe una papaini, inayovunja protini. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza papaini nje. Tunda bichi lilichanjwa asubuhi, utomvu ukakingwa, ukakaushwa, ukapelekwa Ulaya na Marekani kulainisha nyama na kung'arisha bia. Tunda lililobaki na makovu hakuna aliyelitaka mezani. Ninapopita kwenye mipapai huwa nawaza vijana wale na wembe zao saa kumi na mbili asubuhi, wakichanja kitu ambacho hawakuruhusiwa kukisubiri kiive.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka jana nilipanda gari la Mkuyuni kwenda kutafuta mbegu zake. Mapapai yake yalikuwa na sifa: ya mviringo, njano iliyokolea, na harufu ambayo ukilikata jikoni mtu wa barazani anajua. Nilimkuta mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo sasa. Nikampa shikamoo, nikaeleza.

"Imebaki miwili," akasema. "Ila haizai siku hizi. Maua yanadondoka."

Nikauliza dume liko wapi. Akanitazama kama niliyeuliza gharama ya mazishi. Walikata madume yote. Ofisa mmoja aliyepita kijijini alishauri hivyo, wapande mbegu za kisasa, na mjomba kweli alipanda, akavuna vizuri miaka miwili, mbegu mpya zikamshinda bei, akapanda zilizotoka kwenye matunda yake, zikaja mchanganyiko. Kisha wakaja vidung'ata weupe, wale wadudu kama unga, ambao nao asili yao ni Mexico na wameingia Afrika ya Mashariki katika muongo wa 2010. Adui alichelewa miaka mia nne na ushee, lakini amefika.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa natafuta "aina ya bibi" kana kwamba ni kitu kinachokaa ndani ya mbegu moja. Haikuwepo aina. Yale majike yake yalizalishwa na madume ya jirani, na ya jirani wa jirani, hadi kule kwa wale wale waliomshtaki. Ladha ile ilikuwa ya njia nzima, nyumba kumi na tano au ishirini, na madume matatu ambayo kila mtu aliyaona hayana kazi.

"Kule juu kwa kina mzee wa ile kesi," mjomba akasema baadaye tukinywa chai, "dume moja lipo. Walilisahau nyuma ya zizi."

Tulipanda. Lilikuwepo, refu, limepinda, hereni zake zimejaa nyuki. Mama mmoja wa pale alinisikiliza, akacheka kwamba ukoo wetu bado unawasumbua kwa mipapai, kisha akanipa papai la jike lao lililosimama hatua chache kutoka pale. Njano iliyokolea. Nililila pale pale na mjomba, mbegu nikazikausha kwenye gazeti letu la Jumapili.

Nimesia ishirini kwenye mifuko ya maziwa, kwenye nyumba ninayopanga. Zimeota kumi na moja, kuku wa mwenye nyumba wamekula nne. Mwezi uliopita mimea miwili ilitoa hereni. Mwenye nyumba amenishauri niing'oe nisipoteze maji. Nimemjibu kuwa hiyo ndiyo kwanza naimwagilia.